Mwalimu, waanzishe na ba be bi bo bu

Salaam mwalimu. Swali lako limenigusa. Una klabu ya Scrabble shuleni, ule mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni kwa kete za herufi zenye pointi, watoto Kiingereza wanakutana nacho darasani tu, umepakua orodha ya Collins, yaani ya maneno yanayokubalika mchezoni, yenye maneno karibu 280,000, na umeanza kuwakaririsha kutoka A. Sasa wamechoka, nawe unauliza kama kuna namna ya kuigawa. Ipo, na ndiyo ninayoitumia na vijana ninaowafundisha wikendi hapa Mombasa. Mpangilio wa kamusi uuweke kando kabisa. Maneno ya mchezo huu hujifunzwa kwa urefu, na ndani ya urefu huo hupangwa kwa herufi zinazofanana.

Anza na ya herufi mbili. Orodha ya Collins ya 2019 inayo 127 tu, na hapo watoto wetu wana mtaji ambao hawaujui. Wote walijifunza kusoma kwa ba be bi bo bu. Sasa chukua chati hiyohiyo, uwaonyeshe silabi zipi ni maneno halali. BA BE BI BO zimo, BU haimo. DA DE DI DO zimo, DU haimo. HA HE HI HO, PA PE PI PO, TA TE TI TO, zote zimo, na zote zinakosa U. Umeuona mtindo? NA NE NO NU zimo, inayokosekana ni NI. YA YE YO YU zimo, YI haimo. KA KI KO, LA LI LO, ZA ZE ZO. GI GO GU. Kisha familia ndogo: FA FE, JA JO, SI SO, WE WO, XI XU, na wapweke wawili, RE na QI. Ni M peke yake inayokamilisha mstari: MA ME MI MO MU. Mtoto anaimba chati hiyo kwa pumzi chache, na kwa kufanya hivyo ameshika maneno 57 kati ya 127. Zilizobaki nyingi ni silabi zilizogeuzwa, irabu mbele: AB AD AG, EF EL EM, OB OD OF na wenzao. Wasisitizie pia yale yasiyokuwepo. V haina neno la herufi mbili hata moja, na C inalo moja tu, CH. Ukiona V pembeni mwa nafasi unayoitaka, jua kwamba ukuta umesimama hapo.

Usiwaache wayadharau kwa ufupi wake. Mtoto mwenye Q na I mkononi, akikuta I nyingine mahali pazuri, anaweza kuandika QI kwa mlalo na kwa wima kwa wakati mmoja. Kama Q imekaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, kila QI ina pointi 31, jumla 62, kwa kete mbili tu. Zaidi ya hapo, maneno haya mafupi ndiyo yanayokuruhusu kulaza neno refu sambamba na lililopo ubaoni, maana kila herufi zinapogusana lazima liwe neno halali. Asiyezijua hizi 127 hucheza kwenye kona chache tu za ubao.

Ya herufi tatu yamezidi 1,300, usiyakaririshe hivihivi. Yatoe kwenye yale ya mbili kwa kupachika herufi. JO inazaa JOB, JOG, JOT, JOY. QI inazaa QIS. Ya tatu nayo yanazaa ya nne: CAR inapokea nyuma B, D, E, K, L, N, P, R, S na T, na mbele inapokea S. Mwanafunzi akiliona CAR ubaoni asione neno lililokwisha, aone milango iliyo wazi. Zoezi langu ni hili: naandika neno moja ubaoni, vijana wanapaza sauti herufi zinazokubalika mbele na nyuma, na anayetaja isiyokubalika anaketi. Wanalipenda mno.

Sasa Q, ambayo wachezaji wengi wanaiogopa kwa sababu wamefundishwa kwamba lazima ifuatwe na U. Maneno mengi yanayovunja kanuni hiyo yametoka Kiarabu, na watoto wa pwani wanayasikia nyumbani na msikitini. Kiswahili kimeigeuza q kuwa k, basi wewe irudishe tu: kadhi ni QADI, fakiri ni FAQIR, wakfu ni WAQF, kibla ni QIBLA, talaka ni TALAQ, nikabu ni NIQAB, tarika ni TARIQA. Nilipowapa vijana wangu orodha hii, kijana mmoja aliyekuwa anaitupa Q kila anapoipata alianza kuiombea. Ila waonye: si kila neno linaingia. Wakati na riziki hazimo kwa sura yoyote ya q.

Na yapo ya Kiswahili chenyewe: SAFARI, ASKARI, SIMBA, BWANA, SHAMBA, DUKA, UGALI, KANZU. Wingi wake ni wa Kiingereza, yaani SHAMBAS, si mashamba. KANZU ina pointi 18 kabla ya kuzidishwa, kwa ajili ya Z. Lakini ninalolithamini kuliko yote ni UHURU. Seti nzima ya kete 100 ina U nne tu, na zikikusanyika tatu mkononi mwako umekwama; neno hili linaziondoa zote kwa mkupuo.

Ukishafika hapo, ruka moja kwa moja hadi herufi saba, maana anayemaliza kete zake zote saba kwa zamu moja anaongezewa pointi 50. Shika kundi TISANE, herufi sita zinazokubali karibu kila herufi ya saba. Ongeza D, unapata INSTEAD, STAINED na DETAINS. G inaleta SEATING na TEASING. R inaleta RETAINS na NASTIER, K inaleta INTAKES, M inaleta INMATES, U inaleta AUNTIES, V inaleta NATIVES. Hata H, inayowashinda wengi, inaleta SHEITAN, na huyo watoto wanamjua. Tazama vizuri orodha hiyo, mwalimu: INSTEAD, SEATING, NATIVES, AUNTIES ni Kiingereza cha darasani. Msamiati wanao tayari. Wanachokosa ni jicho la kuyatambua yakiwa yamevurugwa. Kata vipande vya boksi, andika mbele herufi kwa mfuatano wa alfabeti, mfano ADEINST, na nyuma maneno yote yanayotoka humo. Wapimane wawili wawili.

Uliuliza pia kama wajifunze maana. Kwa mchezo wenyewe si lazima. Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukiongea Kifaransa. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza mjini Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na picha yake inastahili kubandikwa ukutani kwa klabu yako. Hata hivyo mimi huwapa maana vijana wadogo, kwa sababu neno lenye maana hukaa kichwani.

Jambo la mwisho, kwa vile umetaja programu za simu. Nyingi hutumia orodha ya Marekani na Kanada, ambayo haina ZE, ZO wala CH. Huku kwetu mashindano huchezwa kwa Collins. Kagua mpangilio wa programu kabla watoto hawajaizoea, na ukikuta ZO imekataliwa, badilisha kamusi yake au itafute nyingine.