Kuhamisha maktaba ya muziki kwenda kompyuta mpya bila kupoteza orodha zako

Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakibadilisha kompyuta. Utaratibu wa kawaida ni kuchomeka diski ya nje, kunakili folda ya Music, kuibandika kwenye mashine mpya, basi. Nyimbo zinafika. Kisichofika ni orodha za nyimbo, nyota ulizozipa, hesabu ya wimbo umechezwa mara ngapi, tarehe ulipoingia, na kwa DJ, alama alizoweka ndani ya wimbo ili ajue aanzie wapi.

Mengi ya hayo hayamo ndani ya faili la wimbo. Yanatunzwa kwenye faili la maktaba, ambalo ni la programu unayochezea muziki. Na programu haiutambui wimbo kwa sauti yake wala kwa jina la mwimbaji. Inautambua kwa anwani: diski ipi, folda ipi, jina gani la faili. Herufi moja ya anwani ikibadilika, wimbo unahesabiwa umepotea hata kama uko mbele ya macho yako. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kubeba faili la maktaba pamoja na nyimbo, na kuhakikisha anwani ya upande wa pili ni ileile.

Pima mzigo kwanza

MP3 ya 320 kbps inakula takriban MB 2.4 kwa dakika. Nyimbo 10,000 za dakika nne nne ni karibu GB 96. Kama nyingi ni za 128 kbps, zile za kupakua miaka ya nyuma, ni karibu GB 40 tu. FLAC, faili la muziki usiopunguzwa ubora, ni habari nyingine: wimbo mmoja wa dakika nne unafika MB 25 hadi 30.

Hesabu hii ina maana kwa sababu laptop nyingi zilizotumika zinauzwa na SSD ya GB 256, na Windows na programu zake zinameza sehemu nzuri ya nafasi hiyo. Muziki wa GB 96 ndani ya diski C utakubana baada ya miezi michache. Ukiweza, ongeza diski ya pili au tenga sehemu ya diski kwa ajili ya muziki peke yake.

Kwa kubebea, tumia diski ya nje ya USB 3. Flashi za bei rahisi zinaandika MB 5 hadi 10 kwa sekunde, yaani GB 100 zitakuchukua saa tatu hadi saa sita hivi. Tena flashi ya "TB 1" inayouzwa kwa bei ya soda, usiipe muziki wako. Nyingi ya hizo ni za GB chache zilizochezewa ili zijitangaze kubwa. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha ukifungua nyimbo za mwisho unakuta hazichezi. Programu ndogo ya H2testw inajaza flashi nzima na kuisoma tena, na itakuambia ukweli kabla hujaumia.

Diski ya nje iwe na muundo wa exFAT kama upande mmoja ni Mac, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki humo. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa nyimbo hutaliona tatizo hilo, kwa video za muziki utaliona.

Anwani ndiyo kazi yenyewe

Tuseme kompyuta ya zamani ilikuwa na nyimbo hapa: C:\Users\Mzee\Music. Kompyuta mpya, ukiifungua kwa akaunti ya Microsoft, haikuulizi jina la folda yako. Inachukua herufi tano za mwanzo za barua pepe. Sasa C:\Users\Mzee imekuwa C:\Users\salum, na kila anwani ndani ya faili la maktaba imekufa. Hii ndiyo sababu inayoongoza ya watu kudhani maktaba "imeharibika njiani".

Dawa ya kudumu ni kuutoa muziki kwenye folda ya mtumiaji kabisa. Upe diski au sehemu yake, kisha upe diski hiyo herufi ambayo haitagombewa. D na E huchukuliwa na flashi na DVD, ndiyo maana leo muziki uko E na kesho uko F. Chagua M. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bofya kwa kitufe cha kulia juu ya sehemu husika, chagua Change Drive Letter and Paths, weka M. Kuanzia hapo muziki unakaa M:\Muziki, na kompyuta yoyote utakayonunua baadaye utaipa herufi hiyohiyo.

Lakini uhamisho huu wa leo bado una anwani za zamani. Hapo kuna ujanja ambao mafundi wengi hawautumii: iambie Windows kwamba anwani ya zamani ipo na inaelekea kwenye makao mapya. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

mkdir C:\Users\Mzee
mklink /J C:\Users\Mzee\Music M:\Muziki

Programu ikienda kutafuta wimbo C:\Users\Mzee\Music, Windows inaipeleka M:\Muziki kimyakimya. Folda ya Music isiwepo kabla ya amri ya pili, la sivyo itakataa. Na mpangilio wa folda ndogo ndani ya Muziki lazima ubaki kama ulivyokuwa.

Jihadhari na OneDrive pia. Windows mpya inapenda kupeleka folda zako wingu, na akaunti ya bure ina GB 5 tu. Ikiichukua folda ya Music, anwani inabadilika tena na nafasi inajaa siku hiyohiyo. Izime kwa folda hiyo kabla hujabandika kitu. Kwenye kompyuta ya zamani nako, angalia kama kuna nyimbo zenye alama ya wingu pembeni. Hizo hazimo kwenye diski. Ukizinakili zitaanza kupakuliwa kwanza, na bando litaisha wewe ukidhani unanakili tu.

Faili la maktaba liko wapi

Funga programu ya muziki pande zote mbili kabla ya kugusa chochote. Ikiwa wazi itaandika juu ya kile ulichobandika, na hutajua hadi uifungue tena.

iTunes ya Windows inaweka kila kitu ndani ya Music\iTunes. Faili lenyewe ni iTunes Library.itl, nyimbo ziko iTunes Media, picha za albamu ziko Album Artwork. Shida yake ni kwamba nyimbo nyingine huwa zimetapakaa: moja Downloads, nyingine Desktop, nyingine kwenye flashi ya jamaa. Kwa hiyo kwanza nenda File, Library, Organize Library, weka alama kwenye Consolidate files. Zote zitakusanywa iTunes Media. Kumbuka zinanakiliwa, hazihamishwi. Ukiwa na GB 60 zilizotapakaa unahitaji GB 60 za ziada. Baada ya hapo beba folda nzima ya iTunes. Ikihama nzima namna hiyo, kwa kawaida inajipatia nyimbo zake hata anwani ikibadilika. Kwenye kompyuta mpya shikilia Shift huku ukifungua iTunes, chagua Choose Library, uielekeze kwenye lile faili la .itl.

Toleo la iTunes kwenye mashine mpya lisiwe la nyuma kuliko la zamani, maana litakataa kufungua maktaba. Pia kuna programu ya Apple Music ya Windows. Ukiisakinisha, iTunes inabaki na podikasti na vitabu vya sauti tu. Ushauri wetu: sakinisha iTunes kwanza, hakiki kwamba kila kitu kimefika, ndipo uamue.

VirtualDJ, ambayo ma-DJ wengi wa huku wanaitumia, ina tabia ya kipekee. Nyimbo zilizoko diski C zinaandikwa kwenye database.xml ndani ya folda ya VirtualDJ ya mtumiaji: ufungaji wa zamani uko Documents, mpya uko AppData\Local. Folda hiyo ya pili imefichwa. Andika %localappdata% kwenye upau wa anwani utaiona. Nyimbo za diski nyingine yoyote zina database.xml yao wenyewe, ndani ya folda iitwayo VirtualDJ kwenye mzizi wa diski hiyo (mwanzoni kabisa, nje ya folda nyingine). Watu wanabeba moja na kuacha nyingine, halafu wanashangaa nusu ya nyimbo zina alama na nusu hazina. Beba zote mbili, folda nzima, si faili peke yake. Serato, programu nyingine ya ma-DJ, inaandika alama ndani ya faili la wimbo, lakini makundi ya nyimbo yako kwenye folda ya _Serato_. Nayo iko Music, na nyingine kwenye mzizi wa kila diski ya nje.

MusicBee ni rahisi: MusicBeeLibrary.mbl na folda ya Playlists ziko Music\MusicBee, mipangilio iko AppData\Roaming\MusicBee.

Nyimbo ulizopakua ndani ya Boomplay, Spotify au YouTube Music hazihamishiki. Zimefungwa zicheze ndani ya programu hizo tu. Ingia kwenye akaunti yako upande wa pili, upakue upya, ikiwezekana kwenye Wi-Fi ya mtu.

Kunakili

Kuburuta kwa kipanya kunatosha kwa nyimbo mia tano. Kwa elfu kumi, tumia robocopy, amri ambayo imo ndani ya Windows tayari, unaiandika kwenye Command Prompt:

robocopy "D:\Muziki" "M:\Muziki" /E /DCOPY:DAT /R:2 /W:5

D:\Muziki ni unakotoa (hapa, diski ya nje) na M:\Muziki ni unakopeleka. /E inachukua folda zote na zilizomo, /DCOPY:DAT inatunza tarehe za folda, na /R:2 /W:5 inajaribu mara mbili kila faili gumu ikisubiri sekunde tano. Usiache hizo mbili za mwisho: bila kuambiwa, robocopy inajaribu mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, kwa hiyo faili moja bovu litaisimamisha kazi nzima. Usitumie /MIR kama huielewi vizuri; inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza.

Uzuri wake mkubwa kwetu ni umeme. Ukikatika katikati, rudia amri ileile. Itaruka yaliyokwisha fika na kunakili upya lile lililokatikia njiani. Mwishoni inatoa jedwali. Safu ya FAILED isome 0. Isiposoma 0, panda juu uone ni mafaili gani. Huenda ni majina: kwa mfano faili la kutoka Mac lenye alama ya kuuliza kwenye jina, ambayo Windows haiikubali.

Kisha linganisha pande mbili kwa Properties: idadi ya mafaili na Size. Usilinganishe Size on disk, hiyo hutofautiana kati ya diski na diski bila kosa lolote. Kama chanzo ni Mac utakuta pia mafaili ya KB 4 yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Si nyimbo; yafute.

Orodha zikigoma

Kama njia zote zimeshindikana, hamisha orodha kama m3u8 kutoka programu ya zamani. Ni maandishi matupu, unayafungua kwa Notepad na kuona mistari kama huu:

C:\Users\Mzee\Music\Taarab\Culture Musical Club\05.mp3

Bonyeza Ctrl na H, badilisha C:\Users\Mzee\Music\ kuwa M:\Muziki\ kwa mistari yote, hifadhi kwa UTF-8. Nyota na hesabu za kucheza zitapotea, orodha zitabaki. Hata database.xml ya VirtualDJ inarekebishika hivyohivyo, ila weka nakala yake pembeni kwanza.

Jambo moja la kujizuia: usisafishe majina wakati wa kuhama. Tunajua inakera kuona NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz na Msondo Ngoma zimekaa kama bendi nne tofauti wakati ni bendi ileile, au Sikinde na DDC Mlimani Park kila mmoja na folda yake. Lakini iTunes ikiwa imewekewa Keep iTunes Media folder organized, ukibadilisha jina la bendi inahamisha faili kwenda folda nyingine. Sasa pande mbili hazilingani, na hujui tena kipi kimepotea na kipi kimebadilishwa jina. Hama kwanza, hakiki, tumia wiki mbili tatu, ndipo usafishe. (Na kwa maoni yetu, jina la zama zile liachwe kwenye rekodi za zama zile, weka Msondo kwenye sehemu ya Album Artist ukitaka zikae pamoja.)

Kabla ya kuifuta kompyuta ya zamani au kuiuza, fungua iTunes humo, nenda Account, Authorizations, Deauthorize This Computer. Akaunti moja inaruhusu kompyuta tano, na mashine iliyouzwa bila kuondolewa inaendelea kuhesabiwa. Nyimbo zilizonunuliwa kabla ya 2009 zenye mwisho wa .m4p hazitacheza kwenye mashine mpya mpaka nayo uiidhinishe.