Ukienda Halle kwa Ajili ya Handel

Wiki mbili zilizopita dada mmoja anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa hapa Nairobi aliniandikia kwamba kwaya yao imealikwa Ujerumani mwezi Juni, na kwamba katika ratiba yao kuna siku moja ya mapumziko ambayo yeye angependa kuitumia kutembea Halle, mji alikozaliwa mtunzi George Frideric Handel. "Mwalimu," aliandika, "wewe ulishafika. Nianzie wapi, nilipe mtu wa kunitembeza, na je, siku moja inatosha?" Nilimjibu kwa mistari mitatu, kisha nikaona aibu, kwa sababu jibu la kweli ni refu na bado linaniuma. Naliandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote, maana sijawahi kukutana na mwanakwaya wa Nairobi aliyewahi kuimba Aleluya siku ya Krismasi ambaye hajatamani kuona alikotoka mtu aliyeitunga.

Niliitumikia kwaya moja ya jijini kwa miaka kumi na moja. Besi, yaani sauti ya chini kabisa ya wanaume, niliwafundisha mimi, kwa solfa, yaani nota za do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi, niliyokuwa nikiinakili kwa mkono kwenye karatasi kubwa za manila na kuzitundika ukutani kila Alhamisi jioni, kwa sababu wengi wao hawakuweza kusoma nota. Mwaliko wa Ujerumani ulipokuja, orodha ya wasafiri ilibandikwa mlangoni pa chumba cha mazoezi, majina thelathini na mawili, na langu halikuwemo. Nilisoma mara mbili nikidhani limeandikwa vibaya. Baadaye nilisikia kwamba nafasi za besi zilipewa walioweza kuchangia zaidi, lakini hakuna aliyekuja kuniambia hivyo ana kwa ana, na hadi leo hakuna aliyeniambia. Nilikunja karatasi zangu za manila, nikapanda matatu, nikaenda nyumbani. Miaka miwili baadaye nilikwenda peke yangu kwa akiba yangu ya sacco. Mambo ya viza, taarifa za benki na foleni nayaruka, kwa kuwa aliyeyapitia anayajua na asiyeyapitia hayatamnufaisha kuyasoma.

Siku yangu ya kwanza Halle ilikuwa ya hasara. Nilifika asubuhi kwa treni kutoka Leipzig, nikavuka Riebeckplatz, nikafuata barabara ndefu ya waenda kwa miguu iitwayo Leipziger Straße, nikaupita mnara wa kale uliobaki wa ngome ya mji, hadi nikatokea kwenye uwanja wa soko. Hapo mtu husimama atake asitake, kwa sababu minara mitano inamkabili kwa pamoja. Minne ni ya kanisa moja, Marktkirche, na wa tano, uitwao Mnara Mwekundu ingawa macho yangu hayakuuona wekundu wowote, umesimama peke yake ukiwa na kengele 76 ndani yake. Katikati ya uwanja ndipo ilipo sanamu ya Handel, iliyosimamishwa mwaka 1859, miaka mia moja baada ya kifo chake, naye amevaa kama bwana wa Kiingereza, nota zikiwa kando yake. Nilipiga picha. Kisha nikajiunga na kundi la watalii lililokuwa likitembezwa na mtu aliyezungumza Kijerumani peke yake, nikalifuata kwa karibu saa mbili kama mbuzi anayepelekwa sokoni, nikitikisa kichwa kila wenzangu walipocheka. Lilipotawanyika nilikwenda hadi Händel-Haus, nyumba alimozaliwa, ambayo imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 1948. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa Jumatatu.

Niliporudi Leipzig jioni nilijifariji kwa kisa cha Bach, mtunzi mwingine mkubwa wa Kijerumani. Yeye na Handel walizaliwa mwaka mmoja, 1685, katika miji isiyokuwa mbali sana, na hawakuonana hata siku moja. Mwaka 1719 Bach, aliyekuwa akifanya kazi Köthen, alisikia kwamba Handel amerudi Halle kuwatembelea watu wake, akafunga safari kwenda kumtafuta, na alipofika akaambiwa mgeni ameshaondoka. Ikiwa Bach mwenyewe alifika Halle akakosa alichokifuata, basi mimi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ni nani?

Usiku huo, nikiwa nimekaa kitandani na daftari, niliandika miaka ya maisha ya Handel kwenye ukurasa mmoja, na ndipo nilipoona kosa langu lilipokuwa. Handel aliondoka Halle mwaka 1703 akiwa na miaka kumi na minane. Masihi, kazi yake kubwa ya kwaya na okestra ambayo Aleluya imo mwishoni mwa sehemu yake ya pili, aliitunga London mwaka 1741 kwa siku 24, nayo ikaimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwezi Aprili 1742. Alichukua uraia wa Uingereza mwaka 1727, akafa London mwaka 1759, na amezikwa Westminster Abbey. Nilikuwa nimekwenda Halle kutafuta Aleluya, na Aleluya haikuwahi kuwa pale. Kilichopo pale ni mtoto, mwanafunzi na kijana wa kanisa ambaye hajatunga bado hata kimoja cha vile tunavyoviimba sisi. Ukilijua hilo kabla ya kufika, mji unabadilika mbele ya macho yako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao pia ni wa pili na wa tatu, ni huu: tembea ukifuata miaka. Usifuate ramani ya watalii inayokuanzisha kwenye sanamu, kwa sababu sanamu ni mwisho wa habari. Nilirudi Jumatano na kuanza na mwaka 1685.

Nyumba ile iko mtaa wa Große Nikolaistraße, hatua chache kutoka sokoni. Baba mwenye nyumba alikuwa kinyozi aliyekuwa pia mpasuaji, kwa maana siku hizo wembe wa ndevu na kisu cha kupasulia watu vilishikwa na mkono mmoja, na mtoto huyu alizaliwa baba akiwa ameshapita miaka sitini. Mzee alitaka mwanawe awe mwanasheria. Wazazi wetu wangapi hapa Nairobi hawakuyasema maneno yale yale? Kilichomlegeza, inasimuliwa, ni safari ya mji wa Weissenfels, ambako mtawala alimsikia mtoto akipiga kinanda kanisani akamshauri baba asikizuie kipaji hicho. Baba alifariki mwaka 1697, mtoto akiwa hajatimiza miaka kumi na miwili. Ndani ya jumba kuna vyombo vya muziki vya kale ambavyo ningeweza kuvieleza kwa kurasa tano, lakini nitawaachia mvione wenyewe.

Kutoka hapo nenda Marktkirche, na usiwe na haraka. Kanisa hili lilijengwa kuanzia mwaka 1529 kwa kubomoa makanisa mawili yaliyokuwa yakitazamana, minara yao ikaachwa, na jengo jipya likaingizwa katikati, ndiyo sababu lina minara miwili kila upande. Luther alihubiri humo, na alipofariki mwaka 1546 mwili wake ulipitishwa hapo ukipelekwa Wittenberg. Mimi hayo niliyapita upesi. Nilitaka birika la ubatizo, la shaba, la karne ya 15, ambamo Handel alibatizwa tarehe 24 Februari 1685, siku moja baada ya kuzaliwa. Nililiangalia nikiwaza kwamba mimi mwenyewe nilibatizwa kwa maji ya beseni la plastiki, na kwamba sauti yangu si mbaya hata hivyo.

Kisha inua macho juu ya madhabahu. Hapo juu, mahali ambapo mtu hatarajii, kuna kinanda kidogo cha mabomba, kilichojengwa na fundi Reichel mwaka 1664. Vinanda viwili vipo kanisani humo, na wageni wengi huduwaa mbele ya kile kikubwa kilicho upande wa pili na kutoka nje wakiwa hawakujua kwamba mgongoni mwao kulikuwa na kile kidogo. Ni hiki kidogo ambacho Handel alikijua, kwa sababu mwalimu wake, Friedrich Wilhelm Zachow, ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa hilo. Zachow alimfundisha kinanda na utunzi, na alimfundisha kwa njia ambayo siku hizi tunaidharau: alimkalisha chini anakili kwa mkono kazi za watunzi wengine. Niliposoma habari hiyo nilizikumbuka karatasi zangu za manila, na sitaficha kwamba nilijisikia vizuri.

Siku ile kulikuwa na mtu akifanya mazoezi kwenye kinanda hicho kidogo. Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye makali, na baadhi ya vipatanifu vilisikika kama vimepinda, kwa sababu kimelinganishwa kwa mtindo wa kale ambao sikio la leo halijauzoea. Nilikaa kwenye benchi. Aliponyamaza, nikiwa nimeangalia huku na huku nisionekane mwehu, niliimba polepole ule mstari wa Aleluya unaosema Bwana atatawala milele na milele. Mnajua kwamba mstari ule huanzishwa na besi. Sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, huja nyuma yetu, kisha alto na mwisho soprano, sauti za wanawake, lakini anayefungua mlango ni besi. Niliuimba wote, peke yangu, na hakuna aliyeingia nyuma yangu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga vitabu aligeuka, akanitazama, akaendelea na vitabu vyake.

Kituo cha mwisho ni kanisa kuu, Dom, ambalo utalitambua kwa sababu halina mnara hata mmoja. Mwezi Machi 1702, mwezi mmoja tu baada ya kujiandikisha chuo kikuu cha mji huo, Handel aliajiriwa hapo kuwa mpiga kinanda kwa mwaka mmoja wa majaribio. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa Mlutheri, ilhali kanisa lilikuwa la Wareformed, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin. Mwaka ulipokwisha alikwenda Hamburg. Kinanda alichokipiga hakipo tena, na ndani ya Dom hakuna mengi ya kupigia picha, lakini mimi nilikaa humo kuliko mahali pengine popote. Nilikuwa nikiwaza juu ya kijana anayemaliza mwaka wake wa kazi, anakunja nota zake na kuondoka bila kungoja orodha ibandikwe mlangoni.

Mzunguko wote huo, nyumba, Marktkirche, Dom na kurudi sokoni, ni mwendo usiozidi ule wa kutoka kituo cha Kencom hadi ukumbi wa Kenya National Theatre hapa Nairobi. Mji wenyewe uliponea sehemu kubwa ya uharibifu wa vita vya pili vya dunia, kwa hiyo unatembea kati ya nyumba za kale kwelikweli. Barabara nyingi zimetandikwa mawe, basi dada yangu, viatu vya jukwaani viache hotelini. Ukibaki na nguvu, pita upande wa chuo kikuu uitafute sanamu ya mwaka 1965 inayomkumbuka Anton Wilhelm Amo, Mwafrika kutoka nchi tunayoiita Ghana leo, ambaye mwaka 1729 alitetea katika chuo hicho hoja kuhusu haki za watu weusi walioko Ulaya. Kiongozi wa lile kundi langu la Jumatatu hakutupeleka huko, au alitupeleka nami sikuelewa.

Kuhusu kulipa mtu wa kukutembeza, mimi sikushauri, isipokuwa upate anayejua lugha yako na asiye na kundi la watu ishirini nyuma yake. Jitembeze. Lakini hapo ndipo linapokuja jambo ambalo vijana wa kwaya hawapendi kuambiwa: mtu hawezi kujitembeza katika mji wa mtunzi ambaye hamjui. Siku hizi sehemu ya kila sauti inarekodiwa kwenye simu, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na mwimbaji anaikariri ndani ya matatu bila kujua ni ya nani, ya mwaka gani, wala kwa nini besi inatangulia. Mwimbaji wa namna hiyo akifika Halle ataona minara mitano na duka la chokoleti. Nunua daftari. Andika miaka. Nakili angalau ukurasa mmoja wa nota kwa mkono wako kabla ya kupanda ndege, utaona tofauti mbele ya kile kinanda kidogo. Ninajua nimeanza kuhubiri, lakini mwenye kuhubiri amelipa nauli yake mwenyewe.

Mwaka jana nilialikwa kwenye harusi katika ukumbi ule ule wa mazoezi yangu ya zamani. Ukutani, mahali nilipokuwa nikitundika karatasi zangu, sasa kuna picha kubwa ya watu thelathini na wawili wamesimama chini ya sanamu ya Handel kwenye mvua, wamevaa vitenge vya sare, wanacheka. Ni picha nzuri. Nilimuuliza mmoja wao, ndugu niliyemfundisha besi mimi mwenyewe, kama kinanda kilicho juu ya madhabahu kilikuwa kikipigwa siku waliyokwenda. Akaniuliza, "Kinanda gani, Mwalimu?" Basi lilikuwa limewasubiri kwa dakika arobaini, akasema, na kanisani hawakuingia.

Swali lako la mwisho, dada, lilikuwa kama siku moja inatosha. Inatosha. Panda treni ya asubuhi kutoka Leipzig ili ufike Händel-Haus inapofunguliwa, nenda Marktkirche baada ya chakula cha mchana, umalizie Dom kabla ya jioni. Mwanzoni mwa Juni huwa kuna tamasha la Handel mjini humo, lililoanza mwaka 1922, kwa hiyo ukitaka kulala huko tafuta chumba mapema. Na kabla hujaniandikia tena, muulize mwenyekiti wenu hiyo siku ya mapumziko inaangukia siku gani ya wiki.