Jibu: poda ya kugeuka rangi kwa glosi ya midomo

Dada, umeuliza ununue wapi poda hii ambayo rangi yake hubadilika ukiigeuza kwenye mwanga, na kwa nini yako imezama chini ya chupa ya glosi.

Achana kabisa na poda za "kinyonga" za magari, kucha au resini. Hazikutengenezwa kulambwa. Tafuta muuzaji wa malighafi za vipodozi anayetoa orodha ya viambato na cheti cha vipimo cha bechi hiyohiyo unayonunua. Kwenye orodha, kila rangi ina namba ya CI (namba ya kimataifa ya rangi): mika, madini yenye vipande vinavyong'aa, ni CI 77019, titani dioksaidi CI 77891, oksidi ya bati CI 77861. Ukiona CI 77510 (buluu ya chuma) au CI 77288 (kijani cha kromiamu), Marekani haziruhusiwi midomoni, kwa hiyo usizitumie. Madini ya risasi yasizidi sehemu 10 kwa milioni. Asiyetoa cheti, usimpe hela.

Kuzama: msingi wako ni mwepesi mno. Tumia jeli nzito ya kutengenezea glosi, gramu 97 kwa poda gramu 3. Lowesha poda kwanza kwa matone ya mafuta ya nyonyo, kisha koroga kwa mkono polepole. Blenda huvunja vipande vya mika na mng'ao wa kugeuka hufa. Ukiongeza rangi nyeupe, pia unaufunika. Mng'ao ukififia, jaribu oksidi nyeusi ya chuma gramu 0.1 tu.

Agiza sampuli ya gramu 5 kabla ya kilo.