Windows 11 imeingia, mbona inakataa kuamilishwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la steshenari hapa Morogoro. Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, nikaambiwa imetoka katika ofisi moja ya Ulaya. Ilikuwa na Windows 10 na haikuwahi kunisumbua. Niliposikia kwamba Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, niliipeleka kwa fundi akanipigia Windows 11 kwa flashi. Sasa kwenye kona ya chini ya skrini kuna maandishi yanayonitaka niiamilishe (activate), siwezi kubadilisha picha ya skrini, na fundi anadai shilingi 20,000 ili aifungue. Si ilisemwa kuhama ni bure?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ni kweli kuhama ni bure, ila kinachohama ni leseni ambayo mashine tayari inayo. Kompyuta yenye Windows 10 iliyoamilishwa kihalali, na yenye vifaa vinavyokidhi masharti, hupandishwa hadi Windows 11 ya toleo lilelile, Home kwa Home na Pro kwa Pro. Haki hiyo huandikwa katika seva za Microsoft ikiwa imefungamanishwa na vifaa vya mashine, hasa ubao mama (motherboard), na ndiyo maana aliyepandisha mfumo kwa njia ya kawaida haulizwi ufunguo wowote wa leseni (product key).

Kabla hujampa fundi hata senti, fungua Settings, ingia System, kisha Activation, usome jina la toleo lililowekwa. Nina shaka kubwa kwamba utakuta neno Enterprise. Hilo ni toleo la makampuni na taasisi, ambalo kwa kawaida huamilishwa na seva ya taasisi yenyewe kwa utaratibu uitwao KMS, na mashine hulazimika kuwasiliana na seva hiyo tena ili leseni isikatike baada ya siku 180. Kompyuta ikishauzwa, haki ya taasisi haiifuati hadi dukani kwako, na seva yake huwezi kuifikia. Ukiona msimbo 0xC004F074 au 0x8007232B, maana yake mashine inaitafuta seva ya namna hiyo na haiipati.

Habari njema ni kwamba kompyuta nyingi za ofisi hutoka kiwandani zikiwa na leseni yao wenyewe, mara nyingi ya Pro, na tangu enzi za Windows 8 watengenezaji huuhifadhi ufunguo wake ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mama. Fungua PowerShell, programu ya kuandikia amri iliyomo ndani ya Windows, uandike:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ikitokea safu ya herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa na vistari, huo ndio ufunguo wa mashine yako. Uandike kwenye daftari lako, na tafadhali usiupige picha ukaurusha katika kundi la WhatsApp. Baada ya hapo hamishia kazi zako kwenye diski ya nje, pakua Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft, uipige upya. Kisakinishi huusoma ufunguo huo chenyewe, huchagua toleo linalostahili, na ukiunganisha intaneti mfumo hujiamilisha. Amri isipotoa kitu, bado usikate tamaa: sakinisha Pro, uruke ukurasa unaoomba ufunguo, kwa sababu huenda haki ya Pro ya mashine hiyo imeshaandikwa kwenye seva tangu zamani.

Kuhusu kufunguliwa kwa shilingi 20,000, nakusihi ukatae. Kinachofanyika kwa kawaida ni kupachika programu inayojifanya seva ya KMS ndani ya kompyuta yako, na jambo la kwanza ambalo fundi hulitaka ni kuzimwa kwa kinga dhidi ya virusi. Fikiria ni nani wanaokuja dukani kwako: mtu analeta cheti cha kuzaliwa kwenye flashi, mwingine anaandika nywila ya akaunti yake ya maombi ya kazi mbele yako. Hawa wamekuamini wewe, na programu usiyojua nani kaiandika haipaswi kukaa katikati yenu.

Kwa anayenunua kompyuta iliyotumika, akiwa bado mbele ya muuzaji aandike `slmgr /xpr` katika kisanduku cha Run. Kidirisha kidogo kitatokea: kikisema mashine imeamilishwa kwa kudumu (permanently activated), ni dalili nzuri, kikitaja tarehe ya kuisha, hiyo ni leseni ya KMS, ya kweli au ya kuchakachua, na bei ishuke au mtu aondoke.

SWALI: Umeme ulirudi kwa kishindo ukaunguza ubao mama wa kompyuta yangu ya mezani. Fundi ameweka mwingine, lakini Windows 11 Pro inaleta msimbo 0xC004F211. Nifanyeje?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Pole sana. Msimbo huo unasema kwamba vifaa vimebadilika. Kwa seva za Microsoft, hiyo sasa ni kompyuta nyingine. Kama leseni uliinunua peke yake, inaruhusiwa kuhama. Ikiwa uliiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla ya ajali, bonyeza Troubleshoot katika ukurasa wa Activation, chagua sentensi inayosema umebadilisha vifaa hivi karibuni, uingie kwa akaunti ileile. Kama hukuiunganisha, ingiza upya ufunguo ulionunua. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufa pamoja na ubao mama wake, isipokuwa mtengenezaji ndiye aliyeubadilisha chini ya dhamana.

SWALI: Kompyuta yangu ni ya mwaka 2014 na inakataa Windows 11. Je, leseni yangu ya Windows 10 imekufa?
*Msomaji, Bukoba*

JIBU: Haijafa. Windows 10 yako itabaki imeamilishwa. Kilichokoma ni masasisho ya kawaida ya usalama. Microsoft imeweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na mwaliko wake huonekana katika ukurasa wa Windows Update, mradi una Windows 10 ya 22H2, yaani sasisho kubwa la mwisho la mfumo huo.