Jibu kwa anayetaka kuhamisha michango ya NSSF: usisaini Ijumaa

Usisaini kitu hiyo Ijumaa. Salamu tutapeana baadae.

Umeandika mkataba wa kazi umeisha, una miaka kumi na kitu NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa hapa Tanzania, kuna wakala wa kampuni binafsi anasema "ana mtu ndani" atakutolea michango yote uhamie kwake, anataka usaini Ijumaa, na kwamba serikali ingebinafsisha tu pensheni kama Chile tupumue. Mimi huyo wakala namjua. Sio yeye mwenyewe, ila soda anazonunua ni zile zile.

2014 nilitoka mgodini Kahama na miezi 132 ya michango. Enzi hizo fao la kujitoa lilikuwa linatoka, unaacha kazi unabeba chako. Wa kwangu alikuja na tai, akaninunulia Fanta, akasema "kaka, kule hela ni ya wote, huku ina jina lako". Nikachomoa zote, milioni 14, nikasaini mpango wa kustaafu wa miaka 10, milioni 4 kila mwaka. Mwaka wa nne hiyo 4 itatoka wapi na kazi sina? Sikujiuliza, nilikuwa nawaza bati. Nimelipa miaka mitatu hela ikakata, naenda kuvunja mkataba naambiwa kuna kamisheni, makato ya mwanzo, sijui gharama za uendeshaji, nikatoka na milioni 4.6. Kwenye 12! Fanta moja imenila 7.4 na wala haikuwa ya baridi. Jamaa simu hapokei, nasikia siku hizi anauza viwanja.

Na bado hela siyo inayoniuma, ni miezi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, nilibakiza 48 tu jamani. Nilivyopata ajira tena katikati ya 2017 nikaanza sifuri, kwa hiyo natimiza 2032 na hili goti langu. Zile 132 ningeziacha zilale tu, 2021 ningekuwa nimeshamaliza habari.

Halafu hiyo Chile mnayoiimba. 1981 wakawahamishia watu kwenye makampuni, mfanyakazi anakatwa 10% ya mshahara, mwajiri hatoi kitu kwenye akiba yake, ada ya kampuni juu yake. Wanajeshi waliokuwa wanatawala wao wakabaki kwenye mfumo wao wa zamani, hapo tu ungeshtuka. 2025 ndio wamepitisha sheria ya kumrudisha mwajiri achangie. Wewe hapa kwenye ile 20% ya mshahara inayoenda NSSF mwajiri alikuwa anakuwekea nusu, unakimbia nini?

Kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, kinakera, sibishi, kuna ambao mkupuo wao, ile hela ya mara moja ukistaafu, ulishushwa mpaka 33%, kelele zikapigwa, 2024 wengine wakapandishiwa 40 wengine 35. Ila hasira zetu za kikokotoo ndio mtaji wa hawa watu wa tai. Na sheria ya 2018 ilishaondoa kujitoa ikaweka fao la kukosa ajira, kwa hiyo huyo "mtu wa ndani" ni uongo au ni kesi, chagua.

Michango usiiguse mpaka itimie miezi 180. Ukitaka ya kampuni binafsi weka pembeni, kwa hela ndogo ya ziada kama ya kuuza kuku, sio kwa hiyo.  Ngoja kwanza, wewe una miezi mingapi kamili? "Kumi na kitu" sio jibu, kachukue taarifa ya michango kesho asubuhi uweke namba hapa.