Kuunga si kuungua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Malindi. Wanafunzi wangu wameandika kwenye mtihani: "Mionzi huchoma DNA, kisha seli huikarabati." Je, ni huikarabati, huirekebisha, au huitengeneza?

JIBU: Marahaba. Umeniuliza neno la mwisho la sentensi, nami ugomvi wangu uko kwenye la pili. Karabati nitaifikia. Hii "huchoma" ndiyo inayoniudhi miaka nenda miaka rudi, kwa sababu haikai darasani tu. Mama akipangiwa tiba ya mionzi, nyumbani watu husema "anakwenda kuchomwa", naye akisikia hivyo huona moto mbele yake. Neno moja kama hilo latosha kumfanya mgonjwa aahirishe safari ya hospitali.

Choma ina maana mbili. Kuna kudunga, kama kuchoma sindano au kuchoma mkuki, na humo ndimo kilimotoka kichomi, yale maumivu ya ubavuni. Kisha kuna kutia moto. Mwanafunzi angekusudia kudunga, nisingekuwa na neno, maana mionzi ya eksrei kweli hupenya. Lakini muulize DNA, ile molekuli ya nyuzi mbili inayobeba maagizo ya urithi ndani ya seli, imepatwa na nini, atakujibu: "Imeungua." Hapo ndipo uongo unapojidhihirisha.

Tupige hesabu. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kilo ya mwili. Grei 4 zikiupata mwili mzima kwa mkupuo mmoja zaweza kumuua mtu asipotibiwa. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni jouli 280, na joto la mwili halipandi ila kwa takriban sehemu moja ya elfu ya digrii. Funda moja la kahawa ya moto kutoka kwenye dele, pale Mkunguni Lamu, lina joto zaidi ya hilo. Moto uko wapi?

Kinachodhuru ni mahali nishati ile inapoangukia. Mwonzi hung'oa elektroni, zile chembe ndogo zinazozishikanisha atomu: mara nyingine kwenye DNA yenyewe, na kwa eksrei mara nyingi zaidi kwenye maji yanayoizunguka. Molekuli ya maji ikipasuka hutoa radikali huru ya haidroksili, kitu kisichodumu hata kufumba na kufumbua, lakini kikiigusa DNA huiharibu. Grei 1 huacha ndani ya seli moja mikatiko kama 1,000 ya uzi mmoja, na mikatiko kati ya 20 na 40 ya nyuzi zote mbili. Mikatiko, mwalimu. Kitenzi chake ni kukata.

Najua utaniambia: mbona ngozi ya mgonjwa hubadilika kama iliyoungua? Angalia saa. Kaa la moto huunguza papo hapo. Ngozi iliyopigwa mionzi huanza kuwiva na kuchubuka baada ya siku kadhaa au wiki, kwa kuwa seli za chini, ambazo kazi yake ni kugawanyika na kuziba pengo la zinazobanduka juu, zimekatwa DNA na zimeshindwa kugawanyika. Hata jua la ufukweni ni vivyo hivyo. Mtalii hukaa mashuani na upepo wa kusi unampoza kutwa nzima, jioni ndiyo ngozi inawiva. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, siyo iliyompasha joto. Imezigandisha pamoja herufi mbili za T (T ni moja ya herufi nne za kikemia zinazoandika DNA) zilizokaa jirani kwenye uzi mmoja, mahali pasipostahili kuunganishwa.

Ubaya mkubwa wa "kuungua" ni kwamba hufunga mlango wa sehemu ya pili ya somo. Kilichoungua ni majivu, na majivu hayatengenezeki. Kilichokatika huungwa. Tazama Kiswahili kilivyotupa maneno mawili yanayokaribiana hivi, kuunga na kuungua, nasi tukashika lisilofaa!

Chukua kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa. Uzi mmoja ukikatika, kamba bado imeshikana, na uzi mzima ndio unaoonyesha kilichopotea. Vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia ndani ya seli, husafisha ncha zilizochakaa, hujaza herufi iliyokosekana, kisha kimoja chao kiitwacho ligesi huunga. Nyuzi zote mbili zikikatika mkabala, ncha huelea, na hapo kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya haraka: protini za Ku70 na Ku80 huvaa kila ncha kama pete, ncha zikavutwa pamoja, zikapunguzwa penye hitilafu, zikaungwa. Herufi chache huweza kupotea, na ncha isiyo yake ikiungwa, vipande vya kromosomu, yale mafungu ya DNA, huungana visivyo. Saratani huweza kuanzia hapo. Ya pili ni ya makini: protini ya RAD51, ikisaidiwa na nyingine iitwayo BRCA2, huipeleka ncha kwenye nakala pacha ya DNA ili inakili kilichokatika. Njia hii hungoja seli iwe imekwisha kunakili DNA yake, maana bila pacha hakuna cha kuigiza.

Ndiyo maana tiba ya mionzi hugawanywa, mara nyingi grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kati ya dozi na dozi seli zenye afya hupata saa za kuunga mikatiko yao, na seli nyingi za saratani huunga vibaya zaidi. Mwambie hivyo mgonjwa aliyeogopeshwa na "kuchomwa".

Sasa swali lako. Karabati iachie nyumba na barabara. Ukiiona kwenye mtihani usimnyime mtoto alama, lakini haimwambii mtu lolote kuhusu kilichotendeka. Tengeneza inafaa kwa jumla. Rekebisha iweke pale herufi moja ilipoharibika ikaondolewa na kuwekwa sahihi. Penye mkatiko, sema kuunga. Na kwa mgonjwa sema "anapigwa mionzi" au "anatibiwa kwa mionzi".

Sentensi ya wanafunzi wako iwe hivi: "Mionzi hukata DNA, kisha seli huiunga." Huchoma ipige mstari mwekundu.