Mizani ya henga kulalia upande mmoja

Umeuliza kwa nini mizani uliyowatengenezea watoto wa miaka 4 kwa henga ya nguo na vikombe inalala upande mmoja hata ikiwa tupu. Angalia kwanza nyuzi zimefungwa wapi: uzi ulio mbali zaidi na ndoano ya henga unavuta zaidi, hata vikombe vikilingana. Usogeze ndani kidogo kidogo. Henga yenye vijino ndiyo nzuri, nyuzi hazitelezi. Tofauti ikibaki, bandika kipande cha udongo wa kufinyangia chini ya kikombe kilichopanda. Kila kikombe kitobolewe matundu 3. Yakiwa 2 kinapinduka. Henga itundikwe kwenye msumari laini, isishikwe mkononi.

Kabla ya kupima, mtoto ashike sponji kubwa mkono mmoja na jiwe dogo mkono mwingine, anyooshe mikono, abashiri kipi ni kizito zaidi. Hapa usiharakishe tafadhali! Huenda baadhi wakasema sponji, kwa sababu ni kubwa. Mwache aviweke vikombeni mwenyewe, aone jiwe likishuka. Wengine hudhani kilicho juu ndicho kizito. Warudishe kwenye mikono yao, waseme upi unachoka. Baadaye wahesabu vifuniko vya chupa vinavyolingana na jiwe.